Maktaba Ina Wenyewe

Kitabu cha kwanza nilichosaidia kukitoa rafuni kilikuwa na jalada la kuvutia. Mwanamume amepanda farasi, manyoya ya tai kichwani, nyuma yake mbuga kavu isiyo na mti hata mmoja. Mwalimu wa lugha na utamaduni, mama wa makamo ambaye shule nzima inamwita shangazi, alikifungua katikati akanisomea aya moja taratibu, kisha akanyamaza. Waliishi kwenye mahema. Waliwinda nyati. Walivaa ngozi. Waliamini hiki na kile. Kichwani mwangu aya ile ilikuwa ikijigeuza Kiswahili yenyewe, na kila kitenzi kilikuja na -li- yake. Nje ya dirisha watoto wa kabila lake walikuwa wanacheza mpira wa kikapu kwenye manyunyu. Farasi hayupo pale. Watu wa pwani ile ya Marekani ni watu wa mitumbwi, wa nyumba za mbao za mwerezi, wa samaki na nyangumi, na msitu wao una mvua nyingi kiasi kwamba vigogo vya miti vimevaa kuvumwani kutoka chini hadi juu.

“Kitabu hiki kimekaa hapa miaka mingi kuliko mimi,” aliniambia. “Kililetwa na mtu mwema.”

Maneno hayo mawili, mtu mwema, yamenikaa moyoni tangu siku ile, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, na sasa naishi jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Kwa karibu mwaka mzima, tangu Januari hadi Desemba, nilikuwa naamka alfajiri kila Ijumaa kwenda kujitolea kwenye maktaba ya shule ndogo ya kabila, pwani ya Pasifiki. Jina la shule silitaji. Walinikaribisha nifanye kazi, hawakunikaribisha niwatangaze. Maktaba yenyewe ni chumba kimoja, zulia lililochakaa, rafu za mbao zinazomfikia mtu mzima kifuani, na kompyuta moja ya kuazimishia. Kazi zangu zilikuwa za mikono: kubandika lebo migongoni mwa vitabu, kugundisha kurasa zilizong’oka, kuingiza majina kwenye orodha, kuwasomea watoto wa darasa la kwanza kabla ya chakula cha mchana. Nilizipenda kazi hizo kuliko kazi inayonilipa mshahara.

Ninachotaka kukisema huenda kikawauma baadhi ya wenzangu tunaojitolea. Kwenye maktaba ya namna hii, msaada mkubwa tunaoweza kuutoa ni kupunguza kabla ya kuongeza, na kupunguza kwa uamuzi wa wenyewe. Tena tukubali jambo la pili, zito zaidi: saa tunazozitoa bure tunazitoa mahali ambapo palipaswa kuwa na mtu anayelipwa, kwa ahadi iliyoandikwa na kutiwa saini.

Nianze na neno lenyewe, kabila, kwa sababu sisi Waswahili linatupotosha. Kwetu kabila ni ukoo uliopanuka, au ni ile sumu ya siasa tunayoiita ukabila. Marekani, kabila linalotambuliwa na serikali kuu ni serikali. Lina baraza, lina mahakama, lina mipaka, na mengi yana mikataba ambayo katiba ya nchi inaihesabu kuwa miongoni mwa sheria kuu. Shule ya kabila basi ni shule ya umma ya taifa dogo. Nasi tuna la kujirekebisha: bado tunawaandika “Wahindi Wekundu”, jina lililozaliwa na kosa la mabaharia wa Ulaya waliodhani wamefika Bara Hindi. Tuwaite kwa majina yao, na pale tunapowataja wote kwa pamoja, Wenyeji wa Asili wa Amerika linatosha.

Historia ya pwani ile inaonekana vizuri mahali paitwapo La Push, mji wa kabila la Waquileute, kwa hiyo nitaiegemea, maana mambo yake ni ya kumbukumbu za wazi. La Push ipo pale mto Quillayute unapoingia baharini. Jina lenyewe limetokana na neno la Kifaransa la mdomo, la bouche, likapitia kwenye Chinook, lugha ya biashara iliyokuwa ikiunganisha watu wa pwani hiyo kabla Kiingereza hakijatawala. Mtu wa Pangani hahitaji kuelezwa zaidi. Mji ulio kwenye mlango wa mto, lugha iliyokuzwa na biashara ya pwani: nilipoyasoma hayo niliona kama nasimuliwa kwetu.

Mwaka 1855 na 1856 Waquileute, pamoja na Waquinault, Waqueets na Wahoh, waliingia mkataba na serikali ya Marekani. Walitoa ardhi kubwa ya magharibi mwa rasi ya Olympic. Walibakiza haki ya kuvua samaki mahali pao pa kawaida, na walipewa ahadi kadhaa. Mojawapo ya ahadi hizo ni shule: serikali ingejenga na kuiendesha kwa miaka 20 shule ya kilimo na ufundi, bure kwa watoto wa makabila hayo, kwenye makao makuu ya wakala wa serikali wa eneo la Puget Sound. Bunge la Seneti liliridhia mkataba huo mwaka 1859. Kwa hiyo kwenye pwani ile elimu iliingia kama sehemu ya bei. Ardhi ilishakabidhiwa, na shule ilikuwa malipo.

Malipo yalikujaje? Mwaka 1882 mwalimu wa kizungu alifika La Push kufungua shule, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwabadilisha watu majina, akawapa ya kwenye Biblia na ya historia ya Marekani. Wanaotoka kwenye miji ya pwani yetu iliyokuwa na misheni za watumwa walioachwa huru wanaijua kazi hiyo. Mwaka 1889, wanakijiji wakiwa mashambani mbali kuchuma hopi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, mlowezi mmoja aliyedai ardhi ni yake alikichoma moto kijiji. Nyumba 26 ziliungua. Ndani yake mlikuwa na vinyago, vikapu, zana za kuwindia, mavazi ya ngoma, vitu vilivyobeba habari za koo na haki zao. Jamii ambayo kumbukumbu zake zimechongwa kwenye mti huweka maktaba yake nyumbani. Kilichoungua siku ile kilikuwa makazi na maktaba kwa pamoja.

Kisha zikaja shule za bweni. Uchunguzi wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, uliokamilishwa mwaka 2024, ulihesabu shule 417 zilizoendeshwa au kusaidiwa na serikali kuu kati ya mwaka 1819 na 1969, na ukathibitisha vifo vya watoto wasiopungua 973 ndani yake. Watoto walikatwa nywele, walikatazwa lugha zao, walipelekwa mbali na wazazi. Tarehe 25 Oktoba 2024 rais wa wakati huo aliomba radhi hadharani. Nayataja haya kwa sababu mtu anayeingia na katoni ya vitabu kwenye shule ya kabila anaingia kwenye nyumba hiyo, ajue asijue. Bibi wa mtoto unayemsomea hadithi huenda alipigwa kwa kusema neno moja la kwao darasani. Kwa bibi huyo kitabu hakijawahi kuwa kitu kisicho na upande.

Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyofungua mlango wa makabila kuendesha shule zao yenyewe kwa fedha za serikali kuu. La Push walianzisha yao mwaka 1979, na kwa miaka mingi ilikaa kwenye majengo yaliyokuwa ya walinzi wa pwani, hatua chache kutoka baharini. Hapo pana hatari, maana chini ya bahari ile pana ufa mkubwa wa ardhi. Usiku wa Januari 26, 1700 ulitikisika, na mawimbi yake yakafika hadi Japani, ambako tarehe iliandikwa. Upande wa Amerika tukio lilikaa kwenye masimulizi, na miongoni mwa makabila ya pwani ile ipo hadithi ya pambano la Ndege wa Radi na Nyangumi lililotikisa nchi na kuinua maji. Mwaka 2012 sheria iliyosainiwa na Rais Obama iliwaongezea Waquileute ekari 785 kutoka hifadhi ya taifa ya Olympic, ili waweze kuhama bondeni. Shule mpya juu ya kilima ilifunguliwa mwaka 2022. Miaka kumi, kwa jambo ambalo maisha ya watoto yalilitegemea.

Sasa nirudi kwenye rafu.

Utotoni mwangu, vitabu vilikuja Pangani kwenye makatoni. Tulikuwa na vitabu vya kufundishia kuteleza kwenye theluji, vya bustani za Uingereza, na seti ya ensaiklopidia iliyokosa juzuu mbili. Tulivipenda. Nilijifunza Kiingereza humo na sitaki kumkosea adabu aliyevifunga. Lakini nakumbuka pia kwamba hapakuwa na kitabu hata kimoja chenye jahazi, na nilifika darasa la saba nikiamini kabisa kwamba vitabu vinahusu watu wengine. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Rafu ndiyo iliyonifundisha.

Kwa mtoto wa shule ya kabila hali ni nzito zaidi, kwa sababu yeye yumo vitabuni, ila amewekwa vibaya. Miaka mingi vitabu vya watoto Marekani vilimchora Mwenyeji wa Asili wa aina moja, yule wa tambarare na farasi, na vikamzungumza kama marehemu. Debbie Reese, msomi wa kabila la Nambé Pueblo, amekuwa akivichambua vitabu hivyo kimoja kimoja hadharani tangu mwaka 2006. Mwaka huohuo chama cha wakutubi wa Wenyeji wa Asili, kilichoundwa 1979, kilianza kutoa tuzo ya fasihi ya vijana wao. Na ilichukua hadi Januari 2021 kwa msanii Mwenyeji wa Asili kushinda Medali ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha iliyoanza kutolewa mwaka 1938. Alikuwa Michaela Goade, Mtlingit wa Alaska. Hesabu miaka hiyo, halafu uitazame katoni inayotoka kwenye gereji ya mtu mwema. Vitabu vilivyomo ni vya miaka gani? Kwa vyovyote vingi ni vya kabla ya mabadiliko hayo, kwa kuwa mtu hatoi kitabu alichokinunua jana.

Ndiyo maana nasema kupunguza. Katoni huleta kazi. Kila kitabu lazima mtu akifungue, akisome, aamue, akiandikie lebo au akitafutie pa kwenda. Shule yenye mkutubi wa kudumu inaweza kuimudu kazi hiyo. Shule isiyo naye inaishia kuvipanga vyote, kwa sababu rafu tupu inatia aibu mgeni akija. Nilipoanza nilifanya kosa hilohilo. Nilikuta makatoni manne kwenye kona, nikaona uzembe, na kwa Ijumaa mbili nikayapanga yote rafuni kwa mpangilio safi. Shangazi aliporudi kutoka safari alipita kimya, mkono nyuma, akichomoa kimoja kimoja. Makatoni yale yalikuwa yamekaa konani kwa makusudi. Yalikuwa yakisubiri yeye na wazee wawili wapate nafasi ya kuyapitia. Nilimwomba radhi. Alinipa kiti na penseli, tukaanza upya, na kuanzia siku hiyo kazi yangu ikawa kuuliza.

Kuuliza kulinifikisha kwenye jambo ambalo sikuwa nimelifikiria maishani, nalo ni namba. Maktaba nyingi za shule duniani zinatumia mfumo wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaogawa elimu yote mafungu kumi. Mtu wa pwani yetu akilitazama fungu la dini ataelewa haraka. Kuanzia 220 hadi 280 na kitu, sehemu karibu zote ni za Ukristo. Uislamu wote, Kurani, hadithi za Mtume, fiqhi, karne 14 za maandishi, umebanwa kwenye 297. Sasa Wenyeji wa Asili wamewekwa wapi? Kwa sehemu kubwa kwenye 970, historia ya Amerika Kaskazini. Kitabu cha mvuvi aliye hai wa kabila lililo hai kinakaa jirani na vita vilivyokwisha. Na masimulizi yao ya asili ya ulimwengu, ambayo kwa wenyewe yana uzito wa kitabu kitakatifu, yanapelekwa 398.2, pamoja na sungura na fisi wa ngano za watoto. Ile -li- niliyoisikia siku ya kwanza kumbe haikuwa kwenye kitabu kimoja. Imo hata kwenye lebo niliyokuwa naibandika kwa mikono yangu.

Wapo walioikataa. Brian Deer, Mmohawk wa Kahnawake nchini Kanada, alibuni katika miaka ya 1970 mfumo mwingine wa kupanga maktaba, unaoanzia kwa mataifa yenyewe na mahusiano yao. Maktaba ya Xwi7xwa katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, inatumia mfumo uliotokana na wake. Na kaskazini kidogo ya La Push, kwa Wamakah wa Neah Bay, kuna mfano ambao mimi kama Mswahili nauona mzuri kuliko yote. Dhoruba ya mwaka 1970 ilifukua kijiji cha Ozette, kilichokuwa kimefunikwa na maporomoko ya tope kwa karne kadhaa. Uchimbaji wa miaka 11 ukatoa vitu zaidi ya 55,000. Wamakah walikataa visipelekwe mbali, wakajenga jumba lao la makumbusho, likafunguliwa 1979. Ghalani walivipanga vitu kwa kufuata lugha yao: vile ambavyo lugha inaviweka kundi moja kwa asili ya neno, vikawekwa pamoja.

Sisi wenye ngeli tunalielewa hilo bila kufafanuliwa. Lugha yetu ina rafu zake tayari. Mti, mto, mkono na moshi vimekaa pamoja kwenye M-/MI-, na mtoto wa miaka mitatu anajua kuvipanga kabla hajajua kusoma. Fikiria maktaba ya shule ya Pangani iliyopangwa na mtu aliyekua ndani ya mpangilio huo. Sijui ingekuwaje, ila najua isingeubana Uislamu kwenye kona ya 297.

Lugha ilinifunza adabu kwa namna nyingine pia. Kiquileute ni miongoni mwa lugha chache sana duniani zisizo na sauti za puani katika matumizi ya kawaida. Hakuna m, hakuna n. Nilijaribu kuifikiria lugha yangu bila sauti hizo nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa, mimi. Mama, mtu, nyumba, nchi, neno lenyewe neno, vyote vimeondoka. Lugha dada pekee ya Kiquileute inayojulikana, Kichimakum, imeshakufa. Kwa hiyo kila daftari la maneno, kila kanda ya sauti ya mzee, ni kitu kisicho na mbadala duniani. Kwenye maktaba niliyojitolea mimi, lugha yao ina herufi ambazo programu ya orodha ya vitabu ilikuwa haizitambui. Ukiandika jina la kitabu, linatoka na viboksi vitupu. Tulikaa alasiri mbili tukitafuta namna. Mtu aliyepita angesema tunapoteza muda kwa kitabu cha kurasa 20 kilichochapishwa na ofisi ya kabila. Kilikuwa kitabu pekee chumbani kilichoandikwa kwa lugha ya mahali tulipokuwa tumesimama.

Kuna swali moja ambalo kila mgeni huuliza akisikia habari za pwani ile, nalo ni la riwaya ya vijana iliyotoka mwaka 2005, ya wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu, iliyowataja Waquileute kwa jina na kuleta watalii wengi. Waquileute kweli wana simulizi kwamba Mgeuzaji aliwafanya watu kutoka mbwamwitu. Kwao ni habari ya asili yao. Mwandishi aliichukua akaifanya kiburudisho, na kabila halikuombwa ruhusa. Je, riwaya hiyo iwekwe kwenye maktaba ya shule ya kabila? Maoni yangu ni kwamba watoto watakaoitaka wapewe, ikae kwenye riwaya za kubuni, na karibu yake pawe na maelezo ya kabila lenyewe. Lakini hayo ni maoni yangu tu. Kura sina, na sipaswi kuwa nayo.

Rafiki yangu mmoja, mkutubi mstaafu, alinipinga kwa nguvu nilipomweleza haya. Alisema ukiwaachia watu kuondoa vitabu kwa sababu vinawaudhi, kesho kila mzazi nchini ataondoa anachokichukia. Hoja yake si ya kupuuzwa, hasa Marekani ya leo, ambako vitabu vingi vinaondolewa mashuleni kwa shinikizo. Nimeifikiria kwa muda. Naona tofauti iko hapa: anayeficha historia ya mwenziwe anamnyang’anya sauti, na anayeondoa uongo ulioandikwa na wageni kumhusu mtoto wake anaitengenezea sauti yake nafasi. Tena kitabu kile cha farasi hakikuchomwa wala kutupwa. Kilipelekwa darasa la juu, wanafunzi wakapewa kazi ya kukikosoa ukurasa kwa ukurasa.

Nimebakiza fedha. Ofisi ya serikali kuu inayosimamia elimu ya Wenyeji wa Asili ina shule 183 katika majimbo 23, nyingi zikiendeshwa na makabila. Maktaba nyingi za makabila hutegemea ruzuku ndogo kutoka taasisi ya taifa ya maktaba na makumbusho. Machi 14, 2025 ilitoka amri ya rais kwamba taasisi hiyo ipunguzwe hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria; ruzuku zikasitishwa, kesi zikafuata mahakamani. Katika kipindi kama hicho wito wa kujitolea huongezeka, na watu huitika kwa moyo safi. Mimi niliitika. Lakini nilipokuwa nikiendesha gari kurudi nyumbani jioni nilikuwa na wasiwasi kwamba uwepo wangu unaweza kuandikwa kwenye ripoti fulani kama ushahidi kuwa maktaba inajiendesha. Haijiendeshi. Mtu wa Ijumaa hajui kwamba mtoto fulani hajarudisha kitabu kwa sababu kwao wamehamia kwa nyanya yake. Hajui nani kaanza kusoma peke yake Jumanne. Mkutubi aliyeajiriwa, na ikiwezekana mtoto wa pale pale aliyesomeshwa kazi hiyo, angeyajua yote, na mshahara wake usingekuwa sadaka ya mtu. Anayetaka kusaidia shule ya namna ile akiwa na dola 200 za vitabu, bora aulize kwanza orodha ya shule, anunue vipya vilivyoombwa, hata vikiwa vitano tu. Na akiwa na sauti, aipeleke kwa mbunge wake amkumbushe mkataba wa 1855. Kujitolea kuendelee, ila pasifike mahali ambapo wema wetu unamsahaulisha mdaiwa deni lake.

Jambo la mwisho lilitokea Aprili. Nilikuwa nimechagua kuwasomea watoto kitabu cha masimulizi ya kabila, chenye picha nzuri, nikijiona nimeshajifunza. Shangazi alinishika bega. Makabila mengi ya Amerika Kaskazini yana hadithi za msimu wa baridi. Hazisimuliwi maua yakishachanua. Nilicheka kwa furaha, akashangaa, nikamweleza kwamba hata bibi yangu Pangani alituambia ukitega kitendawili mchana utaota mkia. Alicheka naye, akaniuliza kama kuna aliyewahi kuuota. Nikamwambia sote tuliogopa kujaribu.

Tulivitoa rafuni vitabu 11 vya aina hiyo, tukavifungia kabatini. Tatizo likawa orodha ya kompyuta. Kitabu kisichokuwepo rafuni, programu inataka uiambie kimeazimwa, kimepotea, au kinatengenezwa. Hakuna mojawapo iliyokuwa kweli. Fundi wa kompyuta wa shule, kijana wa kabila hilo, alituongezea hali ya nne kwa lugha yao. Nilimwomba anieleze maana yake, akasema ni kitu kama “kinasubiri baridi”. Desemba, Ijumaa yangu ya mwisho, barabara ilikuwa na barafu nikachelewa. Nilipofika kabati lilikuwa wazi, vitabu vyote 11 viko mezani, na watoto wa darasa la kwanza wamekaa kwenye zulia wakimsubiri shangazi aanze. Nilikaa kwenye kompyuta nikaanza kubadilisha hali ya kitabu kimoja baada ya kingine.